Gasana, Tumeuona Mgongo Wako

Masaka, Kicukiro,
Kigali.
14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Gasana,

Pokea salamu za mama yako mkubwa. Sisi huku tunaendelea, ukiacha magoti yangu, ambayo yana ratiba yao. Mvua imekatika, maharage yamevunwa. Hali yako leo siiulizi, maana tumekwisha kuiona. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza kwa kicheko.

Gusaba ya dada yako Phiona ilifana, na wakwe waliokuja kumposa walijieleza vizuri kupita kiasi. Kwa kuwa hukuweza kuja, sanamu yako ilikuwakilisha. Ile skani ya mwili mzima uliyopigwa huko Edmonton, Kanada, Cyusa wa Kimisagara aliipokea, akaichapa kwa printa yake ya sanamu, ukatoka mrefu kama chupa ya Fanta, na rangi zako zote. Mshereheshaji akakutambulisha: "Kaka wa bibi harusi, amesafiri bila viza!" Watu wakapanga foleni kupiga picha nawe. Jirani yetu Shami alikuinamia akakuamkia, ila yeye alikuwa amekunywa.

Mama yako hakucheka. Wote tulikutazama usoni. Yeye alikugeuza, kama alivyokuwa akikukagua nyuma kabla ya shule. Kisha akanisogezea: "Dada, hebu mwangalie huku."

Gasana, picha unazotutumia zote ni za mbele, koti limefungwa, meno nje. Hiyo mashine ilikuzunguka. Nyuma, suruali imekusanyika chini ya mkanda kama mdomo wa gunia. Shingo imebaki mishipa miwili. Mifupa ya mabega inasukuma shati.

Nilisema mashine imekosea. Kesho yake mama yako akanivuta hadi Kimisagara.

"Mashine haimkondeshi mtu, mama," Cyusa alimjibu. "Wateja wangu ndio wanaoniomba niwapunguze matumbo. Huyu nimemchapa alivyokuja. Ukitaka, namjazia kidogo, si kazi."

"Oya, mureke," mama yako akasema. "Hapana, mwache. Ni wangu hivyo hivyo."

Sasa hataki kukupigia. Anasema utamwambia u mzima, naye itambidi aitikie. Basi niambie mimi. Kama ni ugonjwa, utaje jina. Kama ni kazi imekwisha, sema imekwisha. Kama ni makaratasi yamekwama, rudi. Hapa hatuombi karatasi ndipo tukupakulie.

Amekuweka kabatini, kati ya chupa ya chai na vikombe vya wageni, uso ukutani, mgongo kwetu. Phiona akipita anakugeuza, akidhani umewekwa vibaya. Mama yako anasubiri atoke, anakurudisha.

Phiona na mchumba wake Eddie wanakusalimu, na bibi yako Mukunde pia, ambaye bado anadhani Edmonton ni karibu na Bukoba. Mungu akufunike pande zote.

Wako akupendaye, anayengoja jibu la kweli,

Mama Mkubwa Winifred