Jicho la Pili

Jumatatu, 3 Machi

Kaka amerudi kutoka kazini na hedfoni shingoni, hakusalimia mtu. Chakula alichowekewa na Wifi kikapoa. Ndipo akasema: hospitali imebadilisha mfumo wa simu. Skrini mpya. Ile programu inayomsomea maandishi kwa sauti ikifika kwenye skrini hiyo — kimya! Haisomi jina la wodi wala la daktari. Anapokea simu asijue aipeleke wapi. Miaka yote amekuwa opereta asiyeona, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Sasa msimamizi wake amempa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kile kiti atapewa mwenye macho.

"Kasema kwa upole kabisa," anasema Kaka.

Upole! Afadhali angemtukana.

Hiyo programu ni huria. Wameiandika watu wa kujitolea mtandaoni, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, na anayeweza kuirekebisha anakaribishwa. Mimi nilisomea mambo haya kabla sijaishia kwenye duka la fotokopi. Nitairekebisha mwenyewe. Kitu gani!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata! Mistari mitatu tu. Nimewatumia wale wa kujitolea kwenye mradi wao. Nilitaka kumwekea Kaka moja kwa moja kwenye kompyuta ya kazini, lakini fundi wa kompyuta pale hospitali amekataa — haweki kitu ambacho hakikutoka kwenye tovuti rasmi. Sawa. Kitatoka huko huko. Nimemwambia Kaka alale usingizi.

Jumamosi, 8 Machi

Imekataliwa.

Mradi mzima anayejibu ni mtu mmoja tu. Nimempa jina la Bwana Funguo, maana bila yeye hakiingii kitu. Ameniuliza kwa nini nimebadilisha mistari elfu mbili. Elfu mbili?! Kuangalia — kumbe programu yangu ya kuandikia ilijipangia upya nafasi za faili lote nilipohifadhi tu. Mistari yangu mitatu imezama humo kama kifungo kwenye gunia la mchele. Hata mimi sikuiona. Aibu niliyoipata!

Halafu somo. Mgeni aanze na vidogo, anasema. Kuna kazi zimewekewa alama ya wageni: kujaribu marekebisho ya wenzako, kunyoosha maelezo, kujibu wanaouliza. Nikamwandikia kwamba kaka yangu anapoteza kazi. Akajibu kwamba kila anayetumia programu hii ana kazi, na ni kaka wa mtu.

Nimefunga kompyuta kwa kishindo mpaka Wifi akauliza nani kafa.

Alhamisi, 13 Machi

Haya, vidogo. Nimeandika upya ukurasa wa kuelekeza namna ya kuweka programu, maana wa zamani ulikuwa unampeleka mtu kichakani. Nimejaribu marekebisho ya watu wengine kwenye kompyuta yangu na kueleza nilichokiona. Nimemjibu mama mmoja ambaye sauti ya programu yake ilikuwa inakimbia mno — akashukuru mpaka nikaona haya. Moyo ulitulia kidogo. Nisiseme uongo, ulitulia.

Wifi anasema nimeolewa na kompyuta na hata mahari sikuletewa.

Jumanne, 18 Machi

Nimetuma tena. Mistari mitatu, safi. Bwana Funguo ameandika "vizuri" — kwake yeye hiyo ni ngoma na vigelegele. Ataikagua wiki hii.

Na amenipa ufunguo! Nipitishe kazi ndogo za wageni wengine, amechoka. Sheria ni moja: hakuna anayepitisha kazi yake mwenyewe. Lazima jicho la pili. Zamani mmoja wao alipitisha yake akiwa na uhakika wote, na programu ikanyamaza kwa kila aliyeipakua. Watu walikaa mbele ya mashine zao wasiweze hata kuomba msaada, maana msaada wenyewe ulikuwa wa kusomewa. Aliyefanya hivyo alikuwa yeye, Bwana Funguo.

Kaka kauliza itakuwa tayari lini. Nikasema wiki hii.

Jumamosi, 22 Machi

Bwana Funguo kimya.

Leo kaja mgeni, kajiita Kiroboto. Kaandika kwa herufi kubwa tupu, chini ya kazi yangu: HII KWANGU INAKATA. Basi! Inakata nini? Mashine gani? Toleo gani? Hakuna salamu, hakuna maelezo. Na duka leo lilijaa watu. Nikamwandikia asome mwongozo kwanza kabla ya kupotezea watu wakati. Nikafunga mjadala.

Katoka bila neno. Vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Ameandika binti wa Bwana Funguo. Baba amelazwa. Hazungumzi, mkono wa kulia hausogei. Anaomba tusimsubiri.

Nami siku zote hizi nilikuwa namnung'unikia: mzee gani huyu! Nalia na sijui namlilia nani, yeye au Kaka.

Jumatano, 26 Machi

Nimewaandikia wote wenye majina kwenye orodha ya wakaguzi. Mmoja aliacha zamani. Mmoja kaniombea heri! Waliobaki, kimya.

Kaka leo kavunja glasi mezani. Hajawahi kuvunja kitu humu ndani, anajua nyumba kuliko sisi. Wifi kaokota vipande.

Alhamisi, 27 Machi

Ufunguo ninao. Kitufe ni cha kijani. Nikibonyeza, toleo jipya linatoka, na fundi kaahidi kuliweka kesho asubuhi kabla Kaka hajaitwa ofisini.

Mchana nilikuwa nimeshaamua. Halafu lile neno likanirudia: inakata. Nikaiweka kwenye kompyuta kuukuu ya dukani, ile ya kuchapia barua. Nikavaa hedfoni. Ikasoma, ikasoma — ikakatika katikati ya neno. Ikafa. Mashine nzima bubu.

Ningewanyamazisha wangapi?

Kiroboto alisema kweli. Ndiye mtu pekee aliyejaribu kazi yangu, nami nikamfungia mlango. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi, niliyelia kwa kukataliwa mara moja!

Nimeongeza mstari mmoja. Dukani sasa haikatiki. Lakini hata ile ya kwanza nilidhani ni nzima.

Nimempa Kaka habari yote. Amesikiliza, akiwa anapiga pasi shati jeupe la kesho, kidole cha mkono wa kushoto kikitangulia pasi kwenye mshono.

"Usibonyeze," akasema.

"Kaka, ni kesho."

"Najua ni kesho. Hujui kimya hicho kilivyo wewe. Mimi nakijua."

Nikamwandikia Kiroboto. Nimefungua tena mjadala. Nimeomba radhi bila kujitetea. Nimemwambia alikuwa sahihi, nimemweleza hatua kwa hatua namna ya kujaribu, na kwamba akiona ni sawa aseme tu, hilo ndilo jicho ninalolihitaji. Nimemwambia kuhusu Kaka. Kisha nikaifuta sehemu ya Kaka, maana kila mtu ni kaka wa mtu.

Kiroboto ameona ujumbe.

Anaandika.

Ameacha.

"Kasemaje?" Kaka anauliza. Nasema anaandika. Shati limenyooka zamani, bado anapitisha pasi pale pale kwenye kola.

Anaandika tena. Ameacha tena.

Kaka kachomoa pasi ukutani. Amesimama na shati mkononi, kaigeuzia sikio kompyuta yangu, kana kwamba atalisikia jibu kabla sijalisoma.