Utani wa Dickson

Nachingwea,
Ijumaa asubuhi

Dada yangu Mwamina,

Asalaam aleikum. Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Tunu. Shemeji hajambo? Kile kifua chake kimetulia, au bado anakimbia dawa kama mtoto? Mwanangu Fauzia ameota meno mawili mapya na anauma kila anachoshika, utayaona mwenyewe. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kushoto. Nakuandikia kwa sababu simu yangu Hamidi aliipigiza ukutani, na hata kama ningekuwa nayo, haya hayasemeki kwenye simu.

Nianze na mema, maana yalikuwepo. Vile vitambaa vya makochi ulivyoniuzia Ruangwa vilinifungulia njia. Msimu huu wa korosho, kila mama mwenye binti wa kuoza alinijia, na Dickson wa bodaboda aliniletea nyuzi na kukuletea wewe mizigo, bila kupotea hata kitambaa kimoja. Nafuma kwa spoku ya baiskeli, katika zile mbili alizotuchongea baba kule Kiegei, moja yako na moja yangu. Sindano za dukani zinateleza. Nikikaa kibarazani na uzi mwekundu nasahau hata njaa. Raha ile, dada, sijawahi kuipata kwenye ndoa.

Hamidi ndiye hakuifurahia. Watu walianza kumwita mume wa fundi, naye anajua kununa kuliko kulima. Kipigo cha kwanza nilikueleza, ukaniambia nivumilie. Vilivyofuata nilivimeza. Kimoja kilinitoa jino, kingine kilinifanya nikojoe damu siku tatu.

Dickson ni mtani wake, na unajua mtani hana breki. Siku moja sokoni aliniona uso umevimba, akamwambia Hamidi mbele ya watu, “Ukimgusa tena fundi wangu, hilo jicho nitalitoboa, uende shamba kwa kupapasa.” Soko zima lilicheka. Hamidi naye alicheka, kwani mtani hakasirikiwi.

Yaliyofuata umeyasikia. Jumanne wiki iliyopita, mchana, Hamidi aliokotwa kwenye mikorosho nyuma ya nyumba yetu, jicho la kulia limetobolewa, damu hadi kiunoni. Alisema amevamiwa, hakumwona aliyemvamia. Kesho yake Dickson alikwenda hospitali na machungwa. Mgonjwa huchekeshwa na mtani wake, ndivyo tulivyolelewa, basi aliingia akisema, “Si nilikwambia? Limebaki moja, litunze.”

Hakuna aliyecheka. Hamidi alinyoosha kidole, akasema, “Ndiye huyu.”

Nduguze walimburuta Dickson hadi nje ya geti. Walimpiga kwa matofali na kwa mnyororo wa pikipiki. Nilisikia mguu wake ukivunjika, mlio wake kama kuni kavu. Taya lilipinda, na bado alikuwa anajaribu kusema kwamba ule ulikuwa utani. Pikipiki yake waliichoma. Polisi waliwahi kabla hawajammwagia petroli na yeye. Sasa yuko mahabusu, na soko zima limeandika ushahidi wa maneno liliyoyacheka. Wewe mwenyewe ulituma salamu kwamba alaaniwe.

Dada, usimlaani Dickson. Ni mimi.

Jumanne ile nilikuwa namalizia ukingo wa foronya za bibi harusi wa Mkotokuyana. Shuka zake, kazi ya miezi miwili, zilikuwa zimekunjwa kando yangu. Hamidi aliingia na panga, akazikatakata, akazitia kwenye jiko. Nilipojaribu kuziokoa alinikamata mkono wa kushoto, akaubandika kwenye makaa, akaukandamiza kwa goti. Nilisikia harufu ya nyama yangu. Mkono wa kulia ulikuwa na spoku ya baba. Nilimchoma nayo jichoni, na ilipokwama nikaivuta, maana ina ndoana. Alitoka mbio akipiga mayowe. Yuko radhi kumuua mtani wake kuliko watu wajue kwamba alitobolewa na mkewe, kwa sindano ya vitambaa.

Na mimi? Pale getini nilisimama na chupa ya uji, nikatazama. Nilimwogopa Hamidi, nikaogopa jela, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Jicho halinisumbui.

Nikimaliza kuandika nakwenda kituoni. Spoku nimeifunga kwenye kipande cha foronya kilichosalia.

Anayekuletea barua hii ni Lusiana, mke wa Dickson. Anakuja huko kutafuta ndugu wa kumsaidia mumewe. Nilimwomba akuletee na Fauzia, akambeba mgongoni bila kuuliza kitu, na sasa yuko nje anaisubiri barua. Nilishindwa kumwambia usoni, na yeye hajui kusoma. Mpokee mtoto kwanza. Kisha mkalishe, umsomee barua hii yote, usiruke neno. Akikupiga, usimrudishie.

Nisalimie shemeji na watoto. Fauzia akikua, mfundishe kufuma kwa spoku yako.

Ni mimi mdogo wako,
Tunu