Koki Nane za Mama Nesi

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepewa kazi ya maana! Mjomba kanikabidhi boti ya tanga ya Mama Nesi, ile kuukuu iliyo juu ya magogo hapa yadi – imenizidi umri mara mbili. Nikague matundu yote ya tumboni. Yale yanayotoboa ubavu: ya maji ya kupoza injini, ya sinki, ya choo. Kila tundu lina koki yake kwa ndani. Jumamosi kreni inaishusha majini.

Nikamwambia mjomba kazi hii naifanya nimefumba macho. Akasema niyafumbue, nisije nikamzamisha nesi wa watu.

Kwa ndani nimehesabu koki saba. Kwa nje matundu manane. Nikarudia. Saba. Nane. Shuleni hesabu ndiyo iliyonitoa mbio, lakini safari hii kosa si langu! Ya nane nimeikuta nyuma ya kabati la choo, imejificha kama mtoto aliyevunja sahani.

Nikimaliza vizuri mjomba ataanza kuniita fundi. Kaahidi mbele ya watu! Hata Fundi Rangi, anayepaka mpaka vioo, ni fundi. Mimi mwaka wa pili huu naitwa "wewe".

Jumanne, 4 Juni

Siku nzima kugonga koki kwa nyundo ndogo. Nzima inalia – ngiii! Iliyooza inasema dup, kama kichwa cha Fundi Rangi. Halafu unakwangua. Shaba ikitoka ya njano, iko hai. Ikitoka ya waridi, maiti.

Saba zimelia. Ya nane – dup. Nikaipindua kidogo tu, ikabaki mkononi! Nikajua leo nakula kofi. Mjomba akaigeuzageuza. Kisha akasema ingekatikia majini tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Mama Nesi alikuwa ngazini, kasikia yote. Amesharudisha funguo za nyumba aliyopanga. Jumamosi analala humu humu, hana kwingine. Akaniambia hiyo mpya niiweke kama boti ni ya mama yangu. Nikasema mama usijali, nitaiweka kama ya kwangu mwenyewe. Akasema kwa jinsi anavyoviona viatu vyangu, afadhali ya mama yangu.

Mama huyu!

Alhamisi, 6 Juni

Koki mpya iko mahali pake! Silikoni, nati, grisi, kila kitu. Kisha nikazichezesha zote nane, zinateleza kama sabuni. Mkono wa koki ukinyooka na bomba, maji yanapita. Ukikingama, hayapiti. Nimeiacha mikono yote imenyooka, inapendeza – kama askari wa gwaride. Kando ya kila koki nimening'iniza kizibo cha mbao kwa kamba. Kimechongoka kama karoti. Koki ikikatika, unakipigilia tunduni.

Mpira wa kuunganisha ile ya nane na choo haujaja, dukani wanasema Jumatatu. Mjomba kasema si neno, choo kitasubiri.

Jioni akaniita kutoka chini: zote umefunga? Nimefunga, mjomba! Zote nane! Na nati nimezikaza mpaka mkono unauma. Akasema safi. SAFI! Na Fundi Rangi kasikia.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua. Hakuna kazi. Nimeandika neno FUNDI mara kumi na sita. Linanikaa.

Jumamosi, 8 Juni

Niko ndani ya boti! Mjomba ana sheria yake: boti haifunguliwi mikanda ya kreni mpaka mtu akae ndani nusu saa, aangalie kama inavuja. Mtu huyo ni mimi. Nimekaa kwenye ngazi, daftari gotini. Mama Nesi yuko gatini na godoro lake limekunjwa. Mjomba kamwambia, tena kwa sauti, asiwe na hofu, kuna fundi ndani. Nimesikia kwa masikio yangu haya!

Tunashuka. Injini – pakavu. Sinki – pakavu. Mimi ni mkali.

Nani anajaza ndoo? Humu hakuna mtu.

Nimerudi. Suruali imelowa mpaka magotini. Ile ya nane! Mkono umenyooka kama nilivyouacha, mpira haupo, maji yanamiminika ndani kama yamealikwa. Nimeupindua mara moja, yakakata. Kufunga! Mjomba aliuliza kufunga maji, mimi nikajibu kufunga nati!

Sakafu inaogelea. Ndoo na sponji, dakika kumi – nani atajua?

Nimeifuta koki kwa fulana yangu. Tone. Labda ni maji yaliyobaki. Nimefuta tena. Tone. Pale kwenye nati, niliyoikaza mwenyewe. Au limeteleza kutoka juu? Sijui. Kujua ni mpaka boti inyanyuliwe tena, yadi nzima ikitazama.

Mama Nesi anauliza kama apitishe godoro. Mjomba anasema subiri kidogo, mama. Sasa yuko juu ya kichwa changu, anagonga sitaha.

"Fundi! Ulifunga zote? Tuachie mikanda?"

Tone.

"Mjomba," nimesema, "wewe ukisema kufunga, huwa una maana gani?"

Halafu nyayo zinakuja ngazini – dup, dup, dup.