Mkono Nilioinua Kikaoni

Dada yangu mpenzi,

Hujambo wewe, shemeji hajambo, na wale watundu wawili je? Mimi afya ninayo, nakula na kulala, ila moyo umechafuka. Utacheka kuona mtu anayekaa mwendo wa dakika kumi anakuandikia barua. Cheka sasa, maana huko mbele hutacheka.

Pole tena kwa miche. Nilipokuja Jumapili ile nilikuta kitalu chote kimekauka, miche elfu uliyoiotesha kwa mikono yako, ya shule na ya zahanati. Ukaniambia huyu si mwingine ila fundi rangi, jirani yako, anayeosha brashi karibu na kidimbwi unachochotea maji. Ukanionyesha ule utando unaong'aa juu ya maji. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

Sasa nisikilize habari za gereji. Unajua pale uwanjani tuko mafundi sita na hakuna bosi. Anayetazamwa ni aliyetangulia, yaani mimi. Nikivaa glovu, wanavaa. Nikifunga mapema, wanafunga. Miaka mitatu iliyopita nilipoleta pipa la kumwagia oili chafu, walinicheka wakaniita Bwana Usafi. Sikuwahubiria hata siku moja. Nilibeba tu karai langu, nikamwaga pipani, nikafuta mikono. Haukuisha mwezi, wote wakawa wanabeba. Wewe mwenyewe ulijisifu kwa majirani kwamba mdogo wako amewanyoosha watu bila kelele. Nami kichwa kilivimba, sikatai.

Mwezi wa nne lori la kuchukua oili likaacha kuja. Pipa likajaa hadi mdomoni. Saa sita mchana, mteja kanisimamia ananihimiza, karai liko mkononi, jua linanichoma. Dada, nilimwaga mtaroni. Wenzangu wote waliona. Nikasema leo tu, kesho nitatafuta pipa jingine. Kesho yake nikamkuta fundi breki anamwaga palepale, na fundi injini nyuma yake anasubiri zamu. Nilipowafokea, fundi breki akaniuliza kwa upole kabisa, kwani wewe jana ulikuwa unamwaga uji? Wakacheka. Nami, mjinga mkubwa, nikacheka nao. Tangu hapo tunamwaga wote, na pipa jingine sikulitafuta. Mtaro ule unaishia kidimbwini kwako. Utando ulionionyesha naujua kama ninavyoijua mikono yangu.

Hilo peke yake ningekuja kukwambia, ukanitukana, yakaisha. Lakini kuna kile kikao. Ulipomshtaki fundi rangi kwa mwenyekiti wa mtaa, ulinishukuru kwa kuja na wenzangu wote kukuunga mkono. Aliapa kwamba brashi zake anaziosha ndooni na maji yake hayafiki kidimbwini, akawasihi watu waende kuiona ndoo. Hakuna aliyenyanyuka. Mwenyekiti akasema wanaotaka ahame wainue mikono. Kila mtu akawa anaangalia viatu vyake. Nikainua mimi, wa kwanza. Mafundi wangu wakanitazama, na wote wanajua oili inamwagwa wapi, na nani alianza. Wakainua, mmoja baada ya mwingine. Kisha ukumbi mzima.

Siku ya Jumanne fundi rangi alikuja gereji kuazima mkokoteni wa kuhamishia vitu. Nilimsaidia kufunga kamba. Mkewe alikuwa amebeba mtoto na godoro, hakunitazama. Yeye alinipa mkono, akasema hana kinyongo nami, kwani anajua ninavyochukia uchafu. Dada, nilitamani anizabe kibao.

Usinisamehe haraka, nakuomba. Barua hii mpelekee mwenyekiti aisome mbele ya watu walewale, na fundi rangi aitwe arudi kwenye nyumba yake. Nikisema mwenyewe nitapunguza ukweli, najijua. Nitakuja nikae kiti cha mbele, na safari hii sitaki mtu yeyote aniige.

Msalimie shemeji, mwambie gari lake alitafutie fundi mwingine. Wabusu watundu wangu, na wakisema wanataka kuwa kama mjomba, wakatalie.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Fundi wa gereji ya juu