Mwanangu Usicheze

Temeke, Dar es Salaam
6 Januari 1934

Mpendwa mwanangu Matar,

Salaam aleikum, babaangu. Waonaje hali huko Kobe? Baridi imepungua? Unakula? Na bega je? Sie huku tu wazima, twafunga salama. Kifua cha baba yako kimepata nafuu, ila kukohoa bado anakohoa. Mvua imetunyima, muhogo umekauka shambani, lakini futari haikosekani, alhamdulillahi.

Barua hii naiandika mwenyewe kwa herufi zangu za chuo cha Kurani, univumilie. Binamu yako Jaffar nimemkataza asinishikie kalamu, maana yeye huandika "mama hajambo" hata nikiwa nalia.

Picha yenu ya mchezo imefika. Jaffar kaitundika dukani, juu ya mizani. Wateja wanamuuliza, "Huyu wa chini anapigwa kwa kosa gani?" Naye anawajibu, "Hapigwi! Huo mpira, unaitwa raga. Huyo ndiye fahali wetu!" Wanacheka. Mie nimekutafuta kwenye lile rundo la watu nikaona sikio tu. Sikio nimelijua.

Halafu nikamsikia Jaffar akimsomea baba yako barua uliyomwandikia yeye, si mie. Kwamba mwezi wa Novemba bega lilichomoka, wenzio wa kampuni wakalirudisha palepale uwanjani, ukaendelea kukimbia na huo mpira ulio kama papai bichi. Kwamba daktari kasema likichomoka tena, mkono huenda usinyanyuke maisha. Na bado mwisho wa mwezi huu mtacheza, eti msimu huu si wa kukosa, vijana wa vyuo vya Australia wanakuja na mji mzima hauzungumzi jingine. Baba yako akasema, "Mwache, wakubwa zake wa kazi watamwangalia." Hao wakubwa zako nao wana mama zao, Matar; wako ni mie.

Barua hii haitawahi mchezo, najua. Nilimwomba baba yako akupigie simu ya maandishi ya posta, akasema simu ni ya biashara na msiba. Basi Jaffar, Mungu amlipe, alipopeleka simu ya kuagiza kanga, chini ya maneno yanayotakiwa kuandikwa kwenye kanga akachomeka yangu: Mwanangu usicheze.

Juzi majibu yalikuja. Kampuni yenu ya kanga yauliza, hayo maneno ya mwisho yachapwe jozi ngapi?

Duka zima lilicheka, hata baba yako alijifuta machozi. Mie sikucheka. Simu zetu za Kiswahili huzisoma wewe. Ungeisoma wewe, ungejua ni mama anakuita. Basi nani kakaa kwenye meza yako? Uko wapi, mwanangu? Dada yako Wahiba aniambia labda ulitoka kwenda kula tu. Nimelishika hilo la kula, sina jingine.

Baba yako alitaka yale maneno yafutwe. Nikamwambia ayaache, wachape. Akasema, "Kanga ya namna hiyo nani ataivaa?" Nikamwambia nitaivaa mie. Si ulinieleza mwenyewe kwamba hakuna kanga inayochapwa kabla hujayatazama maneno yake? Basi yatakufikia, hata kama mchezo utakuwa umeshapita. Na kama umeshaumia, babaangu, sitakugombeza. Niambie tu.

Wahiba anakusalimu sana, wanawe wanakuamkia shikamoo mjomba. Jaffar anaomba umsamehe kwa kunisikizisha yasiyonihusu. Yananihusu. Mungu akufunike pale ambapo mkono wangu haufiki.

Katika kila robota la kanga, ile jozi ya juu huwa umenifungia kwa uzi mwekundu, ijulikane ni ya mama. Safari hii meli ikija sitamwachia Jaffar kisu. Nitalifungua mwenyewe, nitazame kama uzi upo.

Ni mie nikupendaye kuliko hao wanaokushangilia,
Mama yako, Khairiya