Mwaka Wako wa Kweli, Choki

Dingboche,
Jumatatu asubuhi

Choki,

Huna adabu. Mtu mzima anatoka nyumbani kwa bibi yake alfajiri kama mwizi wa viazi, viatu mkononi ili ngazi isilie, halafu anaacha ujumbe kwa jirani kwamba mwambieni bibi asinune. Sinuni. Nimekasirika, na kukasirika si kununa. Uliondoka bila skafu nyeupe shingoni, bila moshi wa mreteni, bila kikombe cha pili, na unajua vizuri kwamba kwetu mtu haagwi kwa kikombe kimoja. Nani alikulea hivyo? Si mimi.

Haya, salamu. Hujambo? Kichwa hakikuumi? Unakunywa maji, au unahangaika kuwanywesha wageni tu huku midomo yako imepasuka? Mimi ni mzima ukiyatoa magoti. Nyumbani viazi vyote vimeingia ardhini, na yule jogoo wako mpumbavu bado anawika mchana.

Usishangae kuona barua imetoka Dingboche. Ndiyo, nimepanda. Siku mbili kutoka Phortse, na miaka yangu sabini na minne. Njiani Tashi Futi, yule mwenye yaki wa Pangboche, alinikuta nimekaa juu ya jiwe, akaniuliza kama natafuta kazi ya upagazi. Nikamwambia ningembebea mizigo yake yote, ila naogopa yaki wake watanionea wivu. Akanishika mkono, tukafika pamoja. Lakini hapa kifua kimegoma. Nikienda hatua kumi naona nyota mchana, na mwenye nyumba ya wageni amenificha fimbo yangu ili nisiendelee. Basi Futi atamalizia safari yangu. Anapeleka mizigo Chukhung leo, atakukuta kabla hujawapandisha wageni kambini kesho. Simu nimejaribu. Yule mwanamke wa kwenye simu anasema hupatikani, na haya mambo si ya kupigia kelele mbele ya watu wanaokula. Naandika mwenyewe kwa herufi zangu za darasa la watu wazima. Ukizicheka, nitajua.

Kwanza nikupe habari za hapa. Jana walishuka wageni wanne na mpishi wao kutoka huko unakokwenda. Mpishi alikaa karibu nami jikoni. Akasema ule ufa wa barafu chini ya ule ukuta mnaoupanda kwa kamba umefunguka. Wiki mbili zilizopita ngazi moja ilitosha kuuvuka. Sasa wamefunga tatu, moja kwa nyingine, na ukikanyaga katikati zinashuka na wewe kama kitanda kibovu. Kiongozi wao alivuka peke yake, akageuka, akarudi, akawaambia wageni mlima umekwisha. Wageni walilia. Mpishi akasema bora walie, machozi yanakauka. Watu wote jikoni wakacheka. Mimi sikucheka.

Na tangu nifike, kila jua likipanda nasikia barafu inavyoporomoka huko juu. Dirisha linatikisika. Mwenye nyumba hata hanyanyui kichwa, anamenya vitunguu saumu vyake. Mimi naacha nilichoshika, nangoja mpaka sauti iishe, halafu nangoja tena. Kutoka dirishani mlima wako unaonekana wazi, mdogo, umekaa katikati ya wakubwa kama mtoto aliyefukuzwa mezani. Nimegeuza kiti nisiutazame. Sasa nauona kwa kisogo.

Najua utakalosema, ulishalisema nyumbani. Kwamba mwaka jana, mwaka wa Ng'ombe, ulikaa kama kuku anayeatamia, hukupanda hata kilima, kwa sababu mwaka wa mnyama wako ulikuwa umerudi, kama kila baada ya miaka kumi na miwili, na mtu hapandi mlima katika mwaka huo wa mikosi. Kwamba tulifanya yote: watawa walisoma vitabu siku mbili, tulipandisha bendera mpya juu ya paa, tulimwachilia yule beberu mweupe asichinjwe mpaka afe mwenyewe. Ukaniambia, mwaka wangu ulikuja, ukanikuta nimekaa, ukapita, sasa bibi na wewe pita. Kwamba una miaka ishirini na sita, na hii ni mara yako ya kwanza kuwa kiongozi mkuu, wanaume watatu nyuma yako, na hutawapa nafasi ya kusema msichana aliogopa.

Nami nikakudanganya. Nilisema goti langu linataka hospitali, ukamwita jirani anipeleke. Nilisema jike la yaki litazaa vibaya, ukaenda ukamgusa tumbo, ukasema huyu hana hata mimba. Nikauficha mkanda wako wa kupandia ndani ya pipa la unga wa shayiri. Ukautoa, ukaukung'uta, ukacheka mpaka ukakaa chini, ukaniuliza kama nataka uende mlimani ukiwa mkate. Nikacheka na mimi. Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikakwambia ule chakula kwanza.

Sasa keti. Kama umesimama, keti.

Hukuzaliwa mwaka wa Ng'ombe.

Kabla yako mama yako alikuwa amefiwa na watoto wawili, hakuna aliyefikisha mwezi. Alipokuwa na mimba yako, Lama Urken, yule mzee ambaye hukumjua, alifungua kitabu chake mbele ya kijiji kizima akasema mtoto atakayezaliwa nyumbani kwetu mwaka unaokuja atakuwa mgumu kumshika duniani. Watu wakageuka kunitazama. Nyuma mtu akacheka puani. Mimi sijazoea kuonewa huruma, wala kuchekwa. Nikamchukua mama yako tukaenda kwenye kibanda cha mifugo kule juu, wawili tu, nikamfanyisha kazi, nikamtembeza, ili uzaliwe upesi kabla mwaka haujageuka. Ukakataa. Losar, sikukuu ya mwaka mpya, ikatukuta kule, theluji imejaa mlangoni. Ulizaliwa siku ya tatu ya mwaka mpya, mwaka wa Simbamarara, jua la adhuhuri, unapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Mama yako alikuwa na homa, hajui leo wala jana. Theluji ilitufunga siku kumi. Tuliposhuka na watu wakauliza, nikasema umezaliwa siku nne kabla ya Losar. Basi. Maneno machache, na hakuna aliyebisha, hata mama yako. Nikajiona nimekishinda kitabu. Ulipofikisha mwezi, nikapita mlango kwa mlango na wewe mgongoni, ili wakuone.

Halafu mwaka wako wa kweli ukarudi mara ya kwanza. Wengine wote walidhani umepita mwaka mmoja nyuma. Ndio mwaka mama yako alikutuma maji na barafu ya mto ikafunguka chini yako. Walikuvuta kwa msuko wa nywele. Vidole viwili vya mguu havikurudi. Wewe umekua ukijua kwamba ni uzembe wa mama yako, kwa sababu mimi nilisema hivyo. Nilimfokea mbele ya majirani, nikamwita mama asiye na macho, na wakati wote nilijua. Miaka sita aliishi baada ya hapo. Wiki aliyokufa bado alikuwa ananiomba mimi msamaha, na mimi nikamwambia nimekusamehe. Hilo ndilo lililonipandisha mpaka hapa kwa magoti haya. Nimemwacha mmoja aende bila kuambiwa ukweli. Wa pili simwachi.

Huu ndio mwaka wako, Choki. Una ishirini na tano, si ishirini na sita, kwa hesabu yetu ambayo mtoto akizaliwa ana mwaka mmoja tayari na kila Losar inamwongezea mwingine. Vitabu vile, bendera zile, beberu yule, vyote tulimfanyia mtu ambaye hayupo. Wewe mwenyewe hujasomewa hata ukurasa mmoja, na kesho kutwa unataka kukanyaga ngazi tatu zilizofungwa kwa kamba.

Juzi njiani nilipita kwa lama wa Pangboche nikamweleza yote. Akasema nikulete hai kwanza, kisha tutaanza upya kusoma vitabu, siku tatu, na safari hii kwa mwaka wako.

Unichukie. Una haki, nami sitakubembeleza. Usinisemeshe mpaka Losar ijayo ukitaka, chai nitakumiminia hata hivyo. Lakini unichukie ukiwa jikoni kwangu. Na wale wanaume wakisema msichana aliogopa, waambie aliyeogopa ni bibi yake, jina lake wanalijua, waje waniambie mimi.

Wageni mkabidhi Kami Rinji, mmoja wa wale wanaume wako watatu. Ni wa mwaka wa Mbwa, huu si mwaka wake, mlima ule ameupanda mara kumi na moja, na mbele yako hajawahi kuonyesha tamaa ya sifa. Mweleze habari ya zile ngazi tatu kama mpishi alivyoieleza, usipunguze neno. Akiwa na akili atafanya kama yule kiongozi aliyegeuka. Msalimie, na mpishi wenu umsalimie, umwambie apunguze chumvi. Mama wa nyumba mliyofikia Chukhung nampa pole ya kufiwa na kaka yake. Jirani zetu wote wanakusalimu, hata yule uliyemwachia ujumbe, ambaye kwa sasa sisemi naye.

Ni mimi bibi yako,
Nimdiki, wa Phortse

Futi nimemwambia asipokee jibu la maandishi wala la mdomo. Jibu ni wewe mwenyewe. Muda wa kushusha mizigo yake ndio muda ulio nao. Funga begi lako, shuka naye leo hii, nami nipo dirishani.