Fyuzi Niliyombadilishia Baba

Kaunti ya Holmes, Ohio
Jumanne, 9 Aprili

Mpendwa kaka yangu Mahlon, Shemeji Edna na watoto wote,

Nawasalimu kwa amani ya Bwana, nikitumaini barua hii itawakuta wazima na mgongo wa Shemeji umepata nafuu. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, farasi wanarudi na tope hadi tumboni, na mke wangu Verna amepanda njegere ingawa nilimwambia ardhi bado baridi. Ibada iliyopita ilikuwa kwa akina Keim na mahubiri yalikuwa marefu. Wewe ambaye kura ya uhubiri imekuangukia juzi tu, tafadhali wahurumie wanaokaa kwenye mabenchi yasiyo na egemeo.

Kazi ipo tele. Tangu kanisa letu, linalokataa umeme wa nguzo, liruhusu sola na betri kwa taa, friza, pampu na cherehani, karakana yangu haikauki watu. Unaijua kazi yenyewe: nachukua ubao, nafunga juu yake inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, kidhibiti cha chaji, swichi kuu na fyuzi, naunganisha waya zote hapa hapa, kisha naenda kuufunga ukutani kwa mteja. Wiki iliyopita kijana mmoja wa akina Schlabach alikuja na mkewe akitaka ubao mkubwa kuliko yote, kisa jirani yake anao. Nikamwambia kwanza akae chini aniandikie kila kitu atakachochomeka na kinakula wati ngapi. Akanitania kwamba nina maswali kuliko shemasi. Nikamjibu kwamba shemasi anamchungia roho, mimi namchungia nyumba.

Nikamweleza kwamba inveta huchaguliwa kwa mzigo, unene wa waya huchaguliwa kwa inveta na umbali wa betri, na fyuzi hukaa karibu na betri ili kuulinda waya. Ikikatika, kuna jambo inakwambia. Unatafuta jambo hilo, huiwekei kubwa zaidi ili inyamaze. Maneno haya nayasema kila wiki, na tangu Februari kila nikiyasema siwezi kumtazama mteja usoni.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Ule moto wa kwa Baba uliusikia kama kila mtu alivyousikia: kwamba chumba cha kufulia kiliungua chote, kwamba Baba alimtoa Mama nje akiwa amemfunga kwenye blanketi, na kwamba Baba alikuwa amenunua hita ya umeme, kitu ambacho kanisa letu linakikataza, ili kuipasha moto miguu ya Mama tangu apate kiharusi. Baada ya ibada, wasiobatizwa walipokwisha kutoka nje, Baba alipiga magoti kwenye sakafu ya mbao ya ghala tulimosalia, mbele yetu sote, na miaka yake sabini na minane, akasema ukaidi wake ndio ulioleta moto. Akasamehewa. Kwetu jambo likishasamehewa halisemwi tena.

Lakini wewe ulilisema, kwenye barua yako ya Machi. Mimi sijaisoma, Mama ndiye aliyenisimulia. Ulimwandikia Baba kwamba nusura amuue mama yetu kwa siri zake, na kwamba amekuaibisha mwaka ule ule uliowekwa kuwa mhubiri. Tangu hapo Baba anasema haji kwenu Wisconsin kwenye harusi ya Leanna wenu. Dereva wa gari la kukodi anataka idadi ya abiria kabla ya mwisho wa mwezi, na Baba amemwambia amtoe. Mama naye amesema haendi popote bila yeye. Huyo ni mjukuu wao wa kwanza kuolewa, na ukiitazama hali ya Mama, hatapata harusi nyingine ya kusafiri.

Kaka, si hita iliyoiunguza nyumba. Niliiunguza mimi.

Mwanzoni mwa Februari Baba aliagiza niende, fyuzi ya ubao niliomfungia kwenye chumba cha kufulia imekatika. Nikaweka nyingine kama ile, ya ampea themanini. Siku tatu baadaye ikakatika tena, nikaweka tena. Mara ya tatu alikuja mwenyewe na kigari chake cha farasi, akicheka, eti vyuma vyangu vya kisasa vinakatika kama uzi wa cherehani mbovu. Nilipofika niliona waya wa kurefushia umepita chini ya mlango wa chumba cha kufulia, ukaingia chumbani na kupotelea chini ya blanketi lililoning'inia kitandani. Mama alikuwa ameketi pale na miguu yake imefunikwa. Uso wake ulikuwa umerejewa na rangi, na alikuwa anaimba kidogo kidogo. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu augue.

Nikajua. Hakuna kitu ndani ya nyumba ile cha kula umeme kiasi kile isipokuwa kitu cha kupasha moto. Ningeinua blanketi ningeona, nikishaona ingenibidi kuuliza, na nikiuliza ingembidi Baba ajibu. Basi sikuuliza. Nilitoa kwenye boksi fyuzi ya mia mbili, nikaikaza kwenye waya unaohimili themanini tu, nikamwambia Baba haitamsumbua tena. Siku ya nne waya ule, uliobeba friza, pampu na hita kwa pamoja, ukapata moto nyuma ya ubao hadi mbao zikashika.

Fyuzi ile niliiokota kwenye majivu kabla watu hawajajaa, nikaitia mfukoni. Baba alipopiga magoti mimi nilikuwa benchi la tatu. Watu walinipa pole kwa ubao mzuri ulioharibiwa na ubishi wa mzee, nami nikaipokea pole yao. Naona aibu hata kuiandika sentensi hiyo.

Jumamosi nilimweleza Baba. Alikuwa ananoa jembe, wala hakuacha. Aliniuliza kama kwa waya mnene unaostahili hita isingeunguza kitu. Nikasema isingeunguza. Akanoa tena kidogo, kisha akasema kosa lake lilikuwa hita na ameshalitubu, la kwangu ni langu, nisiyachanganye. Jumapili ijayo ya ibada nitapiga magoti mimi.

Halafu akanikataza kukuandikia. Alisema wewe ni mhubiri mchanga, na ukiujua ukweli utashindwa kusimama mbele ya watu kwa kuikumbuka ile barua yako.

Hili simtii. Mwandikie upesi, Kaka. Ya fyuzi usimtajie, mwambie tu kwamba Leanna anamngoja na nafasi yake mezani ipo.

Verna na watoto wanawasalimu sana, na Mama anamsalimu bibi harusi. Uniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Wayne